Pale Asani Anapoweka Glavu

Kolwezi, 10 Februari 1957

Yaya Tshibola, dada yangu,

Habari za huko Dilolo? Sisi hapa tunaamka, tunakula, tunagombana kidogo, ndiyo kusema tuko wazima. Tata mzee wetu ametolewa kwenye zamu ya usiku, sasa anachoma vyuma mchana katika atelie, karakana yao, na macho yake yamepata nafuu. Mdogo wetu Simone amerefuka mpaka gauni ulilomshonea limekuwa blauzi. Mvua iliangusha ukuta wa jikoni, tumeusimamisha tena. Shemeji Kabeya mwambie picha yake na kofia ya stesheni imefika. Tata ameitundika, ila anasema kofia imemzidi kichwa.

Sasa jambo langu. Kule misheni kuna mwalimu Mwamerika ambaye sité yote, mtaa wetu huu, inamwita Bwana Makofi, kwa sababu anapiga makofi hata mtu akikosea. Amewaletea vijana mchezo wa kwao unaoitwa besiboli. Mmoja anatupa mpira mdogo, mgumu kama jiwe. Mwingine anasimama kando ya kibao kilicholazwa chini, ana rungu, anataka kuupiga. Nyuma ya kibao anachuchumaa mshikaji mwenye glavu ya ngozi. Mpira ukipita juu ya kibao, kati ya magoti na kifua, ni mzuri. Mpigaji akikosa mizuri mitatu, anatoka. Ukipita nje ni mbovu, na mibovu minne inampa njia ya bure hadi kituo cha kwanza. Akiupiga, anakimbia kuzunguka vituo vitatu, na akirudi kwenye kibao, yaani nyumbani, timu yake inapata pointi moja.

Mimi nilikuwa napita na kuni. Mpira ukaruka ua, ukaja miguuni kwangu. Nikaurudisha. Yaya, uliwapita wote ukagonga bati la kanisa. Bwana Makofi alikuja mbio, nikajua nimekwisha. Akanishika mkono akaubonyeza toka begani hadi kiganjani, kama mtu anayenunua mbuzi, kisha akaniuliza jina.

Tangu siku hiyo mimi ndiye mtupaji. Nikitupa mpira unalia hewani. Tatizo ni kwamba haunisikii: mmoja unapita katikati ya kibao, wa pili unakwenda kwa watazamaji. Anayeweza kuushika ni Asani tu, mwana wa Tata Abibu mwenye kamioni. Mama Latifa aliyekufundisha cherehani ndiye mama yake, utamkumbuka. Asani anaruka huku na huku kama chura, anacheka.

Tata hataki. Anasema mtu wa miaka kumi na minane anayengojewa atelie hana Jumamosi ya kuchezea. Mwandikie, tafadhali. Tangu mama yetu Henriette afariki, wewe ndiye pekee unayeweza kumwambia Tata hapana naye akanyamaza.

Ndugu yako mdogo,
Kalala

—

Dilolo, 6 Machi 1957

Kalala, mdogo wangu,

Barua yako imechelewa kwa sababu maji yalikula njia ya reli na treni zililala. Salamu zako zote nimezipokea, na ile ya kofia Kabeya ameisoma mara mbili. Anaivaa mpaka mezani sasa, kwa ukaidi. Hapa soko limejaa chumvi na vitambaa vya upande wa Angola, samaki wakavu nao wapo. Ninashona mapazia ya mke wa mkuu wa stesheni, polepole.

Tata nimemwandikia. Nimemwambia kijana anayetoka jasho mbele ya misheni Jumamosi ni afadhali kuliko anayelitoa kwenye baa. Sikumwomba, nimemwambia tu. Utaniarifu alivyosema.

Nawe nikuambie neno. Nguvu unayo, ulizaliwa nayo, huna cha kujivunia hapo. Mpira usiokusikia si wako bado. Jifunze usikiwe.

Pasaka sitakuja kama nilivyoahidi. Usiniulize, na Tata asiniulize. Mwambie Simone aninunulie pale sokoni ule udongo mweupe, vipande vikubwa, ampe mtu wa treni. Wa hapa hauna ladha.

Msalimie Asani na mama yake.

Yaya wako,
Tshibola

—

Kolwezi, 2 Mei 1957

Yaya,

Nakusalimu wewe na Shemeji. Tata ni mzima, anakusalimu. Simone ni mzima. Udongo ameutuma. Alicheka peke yake alipousikia, hakuniambia kwa nini. Mama Elise wa nyumba ya pili amerudi kutoka Kasai, anakusalimu. Mbuzi wake amezaa mapacha. Baridi imeanza asubuhi.

Tata alikubali barua yako. Lakini mchezo nimeuacha kidogo. Nasoma.

Mkono wangu ni mzima.

Kalala

—

Dilolo, 15 Mei 1957

Kalala,

Tuko salama. Udongo umefika, mshukuru Simone, na mwambie aendelee kunyamaza hivyo hivyo.

Barua yako nimeisoma nikaigeuza nyuma nione kama kuna mengine. Umeniletea salamu za Mama Elise, umeniletea hata habari za mbuzi wake, na Asani hukumtaja. Ulianza mwaka ukiniandikia Asani, Asani. Halafu unanihakikishia mkono wako ni mzima wakati sikuuliza.

Nilikubeba mgongoni kutoka siku uliyozaliwa. Ukinificha jambo najua hata kwa wino. Niambie. Sitamsomea Kabeya.

Mimi nalala sana siku hizi. Si ugonjwa.

Tshibola

—

Kolwezi, 9 Juni 1957

Yaya mpendwa,

Pole na kulala huko usikotaka kutueleza. Sisi tuko wazima, isipokuwa hili nitakalokuambia.

Ilikuwa Jumamosi kabla ya Pasaka. Tulikuwa mazoezini, na Asani alichoka kushika, akasema leo naye anataka rungu. Akasimama kando ya kibao. Mpira wa kwanza ulipita mbali. Wa pili ulipotoka vidoleni nilijua kabla haujafika. Nilifungua kinywa nimwambie, na sauti ikachelewa kuliko mpira. Ulimpiga chini ya jicho la kushoto. Sijawahi kusikia mlio kama ule na sitaki kuueleza.

Tulimpeleka lopitali kwa kamioni ya baba yake, kichwa chake mapajani mwangu. Tata Abibu ndiye aliyeendesha. Mfupa ulikuwa umevunjika, jicho likafungwa wiki nyingi. Nimekwenda kumwona kila siku waliporuhusu watu. Ananiuliza habari za timu, mimi namwambia habari za mvua. Mama Latifa ananikaribisha mkekani, ananitilia wali na kunisogezea mchuzi. Hajanilaumu hata mara moja. Angenilaumu ningepumua.

Tata alikuja lopitali na nguo za kazi. Alimtazama Asani, akanitazama mimi, akasema, "Muchezo imeisha." Bwana Makofi naye alikuja, akasimama mlangoni mikono mfukoni.

Tangu hapo sitaki kutupa kitu. Simone aliniomba nimrushie sabuni kisimani, nikatembea nikampa mkononi. Akanitazama kama mgonjwa. Hata mbwa wa jirani amejua kwamba sinyanyui jiwe, anaingia jikoni apendavyo.

Ndiyo hiyo habari. Sasa umeijua.

Kalala

—

Dilolo, 3 Julai 1957

Kalala,

Ni mkono wa Kabeya unaoandika, maneno ni yangu; nisamehe, siri yako imebidi aijue. Mimi nimelazwa chali kwa amri ya masista, na yeye anapika ugali wa bukari wenye mabonge kama changarawe za reli. Hili la mabonge ameliandika kwa hiari yake.

Nililia kwa ajili ya Asani. Nimemtumia mama yake kitambaa na barua.

Sitakuambia usiogope. Kuna jambo ninalolitaka na kuliogopa kwa moyo uleule, Kalala. Limeniumiza mara mbili hapo nyuma, na bado kila asubuhi naamka nikilitaka. Usiniulize ni lipi. Nakuambia tu ujue hauko peke yako katika kuogopa kitu unachokipenda.

Wewe unauuliza mkono wako kama utatupa tena. Mkono hauna akili. Muulize Asani.

Tshibola

—

Kolwezi, 11 Agosti 1957

Yaya Tshibola, na Shemeji mpishi,

Tunawasalimu kwa furaha. Vumbi la kiangazi limefunika kila kitu, hata mboga yetu ya sombe inaliwa na mchanga. Tata anauliza sana habari zako, na Simone anamjibu kwamba yaya yuko salama, kama vile yeye ni daktari wenu.

Sikuhitaji kumuuliza Asani. Barua yako ilifika Jumatano, na Ijumaa alikuja mwenyewe nyumbani na glavu kwapani. Mfupa umeunga. Jicho limefunguka lakini halijarudi sawasawa: kitu kikija upesi anakiona viwili. Daktari anasema litasafika taratibu, ifikapo Noeli huenda. Alikaa kwenye kigoda, Tata akiwa pale pale ananyoa ndevu, akasema anataka turudi uwanjani.

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia hata yeye hawezi, atashikaje mpira asiouona?

Asani akasema, "Mi sitaukimbiza tena. Nitaweka glavu pahali pamoja, sitaitosha, itabaki palepale. Weye njo utauleta pale."

Tata aliendelea kunyoa, akaosha wembe, akaingia ndani. Nikafikiri amekasirika.

Jumanne iliyofuata alirudi kutoka kazini na kitu ndani ya gunia. Kilikuwa kinyago cha nyaya za chuma alichokichoma mwenyewe wakati wa mapumziko, kimepindwa kufuata uso, na ndani ameshona vipande vya blanketi kuukuu. Alimwita Asani, akamvisha, akakigongagonga kwa nyundo ndogo, akamuuliza kama anasikia maumivu. Asani akasema hapana. Basi Tata akasema chakula kinapoa. Hakuna aliyezungumza habari ya kuruhusu wala kukataza.

Yaya, tulianza karibu mno, kama mtu anayempa mwenziwe sabuni. Nikiikosa glavu mpira unaanguka, kwa kuwa Asani kweli haitoi. Unaanguka, naenda kuuokota mwenyewe, namrudia. Hiyo ilinifundisha kuliko kelele zote. Zamani nilitupa nikitazama jinsi mpira utakavyokwenda kasi. Sasa natazama ngozi ile ya glavu tu, palipochakaa katikati. Tukasogea nyuma kidogo kidogo. Bwana Makofi alimwaga jivu mbele yangu akanionyesha alama za mguu wangu wa kushoto: kila nikitupa ulikuwa unatua mahali pengine, kama wa mlevi. Akasema mpira unafuata mguu. Tukafanya kazi ya mguu mpaka nikaota nautua. Niliposimama umbali kamili, kasi ilirudi bila mimi kuiita, na mpira ukaingia glavuni. Asani akasema nirudie. Nikarudia.

Sasa naweza kuupeleka chini, naweza kuupeleka pembeni mbali na mpigaji. Kuna mahali pamoja tu siwezi, upande wa ndani, karibu na mwili wa mtu. Asani akiweka glavu huko natikisa kichwa, anaihamisha. Halalamiki. Lakini kila siku anaiweka tena walau mara moja.

Vijana wa misheni ya ng'ambo ya mpaka watakuja kwa treni kucheza nasi Jumamosi tarehe 14 Septemba. Tata anakuita. Amesema atakwenda mwenyewe ofisini kukuombea pasi ya njia. Njoo, Yaya.

Kalala

—

Dilolo, 12 Septemba 1957

Kalala,

Ni Shemeji yako. Kondakta atakupa karatasi hii. Vijana wamepita hapa stesheni leo na marungu yao. Yaya wako alisikia makelele, akataka habari zao, basi nikaenda kuwatazama kwa niaba yake. Yupo mmoja mrefu, anatumia mkono wa kushoto, alikuwa anapiga vijiwe kwenye njia ya reli na hakosi. Yaya anasema jihadhari naye.

Kuja hawezi. Kuandika pia leo hawezi. Ombeni.

Kabeya

—

Kolwezi, 16 Septemba 1957

Yaya wangu,

Kwanza uniambie uko namna gani. Neno la Shemeji, "ombeni", limetuweka macho. Tata ameomba ruhusa ya kusafiri, wamemwambia angoje. Tuandikie hata mstari mmoja.

Nakueleza mchezo kwa sababu Simone anasema habari njema ni dawa.

Uwanja wenye majani wa Wazungu hatukupewa. Tulichezea uwanja wa mpira wa miguu wa sité, wenye vumbi, na ilikuwa heri, maana watu walijaa hadi barabarani. Wanawake walitoka sokoni na mabeseni vichwani. Wengi hawakuujua mchezo, wakawa wanashangilia kila kitu, hata mwamuzi alipofunga kiatu. Tata Abibu aliegesha kamioni nyuma ya kamba na watu wakapanda juu yake. Tata wetu alisimama kando ya gurudumu amekunja mikono.

Nilitupa vizuri, Yaya, nakuambia bila kujisifu. Glavu ilikaa chini, mpira ulikwenda chini. Glavu ilikaa pembeni, mpira ulikwenda pembeni. Asani aliusikia zaidi kuliko kuuona, alifumba mkono kwa mlio. Lakini yule mrefu wa mkono wa kushoto alinisoma. Alitambua kwamba sileti mpira karibu na mtu, akawa anasogea, amekiinamia kibao, anaufuata ule wa pembeni na kuupeleka mbali. Mara mbili alifanya hivyo.

Zamu ya mwisho tulikuwa mbele kwa tano kwa nne. Wawili wao walikuwa tayari njiani, wanangoja mpigo mmoja tu warudi nyumbani, na aliyeingia na rungu, mpigaji wao wa mwisho, ni huyo huyo. Akainama juu ya kibao kama mtu anayetazama ndani ya chungu.

Asani aliweka glavu upande wa ndani. Nikatikisa kichwa. Hakuihamisha. Nikatikisa tena. Akaomba mchezo usimame, akanijia, akainua kinyago. Jicho lake la kushoto lilikuwa linatoa machozi kwa vumbi.

"Kalala," akasema, "ni miye ulipiga. Na ni miye ninakuambia ulete pale."

Nikamwambia nikikosea je.

"Hauwezi kukosea. Hauutupi tena, unauweka."

Akarudi, akachuchumaa. Nilisikia kelele zote zikienda mbali. Sikumtazama yule mtu hata kidogo. Nilitazama ngozi iliyochakaa, nikatua mguu, nikauachia. Ulipita mbele ya vifungo vya shati lake, ukaingia, na glavu haikusogea hata upana wa kidole. Alikuwa hajapeleka rungu. Mwamuzi akanyanyua mkono: mzuri.

Yule mrefu akarudi nyuma hatua moja. Asani akahamia pembeni, nikaupeleka pembeni, akaufikia kwa ncha tu ukaenda nje ya mstari, nao huhesabiwa kama amekosa. Miwili. Kisha Asani, bila aibu, akarudisha glavu ndani, pale pale. Safari hii sikutikisa kichwa. Akazungusha rungu kwa nguvu zake zote na mpira ulikuwa umekwisha kufika. Mitatu, tumeshinda.

Sikuruka. Nilikaa chini katika vumbi. Yule mrefu alikuja kunipa mkono, akacheka, akagusa kifua chake pale mpira ulipopita. Tata alivuka kamba. Nilidhani atasema kitu kwangu. Akachukua kinyago kutoka kwa Asani, akaona waya mmoja umelegea, akasema atauchoma Jumatatu kwa sababu vijana hawa wataendelea kucheza. Ndivyo alivyosema, mbele ya watu, wataendelea. Halafu akaenda nyuma ya kamioni na kukaa huko muda.

Bwana Makofi anataka mimi na Asani tukafundishe vijana wa misheni ya huko kwenu, likizo ya Noeli, na ameanza kutuombea pasi. Tata hajakataa.

Kiti chako Simone hakuruhusu mtu akikalie.

Ndugu yako anayengoja,
Kalala

—

Dilolo, 29 Septemba 1957

Kalala, na Tata, na Simone, someni pamoja,

Mkono huu ni wangu, na nimekaa, sikulala.

Mniwie radhi kwa kimya. Sikutaka kulitaja jambo lenyewe kwa wino. Mara ya kwanza nililitaja mapema, nikawaandikia wote mpaka Kasai, na ninyi mnajua tulivyolia. Mara ya pili nilimwambia mtu mmoja tu. Safari hii nikasema kinywa changu kitafungwa hadi nisikie sauti yake. Simone aliujua udongo ni wa nini, mwanamke mzima yule, na akanifichia.

Nimeisikia sauti yake. Ni msichana. Alizaliwa Jumamosi ile ile ya mchezo wenu, mchana, baada ya siku mbili nisizotaka kuzisimulia. Ni mdogo, lakini ananyonya kwa hasira na ana nywele nyingi. Tumempa jina la Mama, Henriette. Tata, usilie juu ya karatasi, Kalala hajamaliza kusoma.

Habari za ushindi zilinifikia kabla ya barua yenu. Kondakta alizipigia kelele dirishani, Kabeya akaja mbio na kofia mkononi, hakujua aanze kuniambia lipi wala amshangilie nani. Nimesoma barua yako hapa kitandani, na nilipofika pale uliposema ulitazama ngozi ya glavu tu, niliacha kusoma kidogo. Siku zile mbili mimi nilikuwa natazama msumari mmoja ukutani. Sista aliniambia nitazame hapo, nisitazame pengine, nami nikafanya hivyo.

Pasi ikitoka, njoo Noeli na Asani. Mama Latifa ameniandikia kwamba sasa Asani anaweza kutunga uzi kwenye sindano, anamtungia yeye. Nataka nimwone usoni mwenyewe.

Na wewe, nakujua. Utaingia hapa utasimama karibu na mlango, utasema mtoto ni mdogo mno, utaificha mikono yako nyuma. Nimekwisha kumwambia Kabeya asikupe kiti mpaka umepokea mtoto. Atakuwa wa miezi mitatu, shingo imeanza kukaza. Kabeya bado anamshika kama mtu aliyebeba taa ya stesheni. Nataka ashikwe na mtu anayejua kuweka kitu mahali pake.

Yaya wako, na sasa Mama Henriette,
Tshibola